Stadi na Nati za Gurudumu: Kazi Yake, Matunzo Yake na Namna ya Kuzibadilisha

Gurudumu la gari dogo hushikiliwa na vyuma vichache ambavyo unene wake ni milimita 12 tu. Toyota Vitz ina vinne kwa kila gurudumu, Noah ina vitano, Prado ina sita. Chuma hicho, ambacho mafundi hukiita stadi, hupigiliwa kwenye habu kutokea nyuma. Kichwa chake hubaki upande wa ndani, na mkia wake wenye hesi huchomoza nje kupokea rimu na nati. Magari mengi ya Ulaya, kama vile Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz, hayana stadi: habu zake zina matundu yenye hesi, na rimu hufungwa kwa bolti zinazoingizwa kutoka nje. Lakini Afrika Mashariki, ambako magari mengi yaliyopo barabarani yalianza maisha yake Japani, stadi na nati ndizo zilizozoeleka gereji na kwa mafundi wa pancha.

Wengi huamini kwamba gari limekalia stadi, na kwamba kadiri stadi ilivyo nene ndivyo inavyobeba. Sivyo ilivyo. Stadi iliyokazwa sawasawa haibebi uzito wa gari, wala haipokei moja kwa moja kishindo cha shimo. Kazi yake ni kuvuta. Nati inapozungushwa hadi kukaza, stadi hurefuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na kwa kuwa chuma hicho kinataka kurudi urefu wake, huivuta rimu na kuibana kwenye habu. Nati ya Toyota ndogo ikikazwa kwa kiwango cha kiwandani, nyutoni-mita 103, mbano wa stadi moja hupita tani nne. Stadi tano kwa pamoja huvuta tani ishirini na zaidi. Kwa mbano huo, uso wa rimu na uso wa habu hushikana kiasi cha kutoteleza hata breki zikikanyagwa ghafla. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Karibu kila sheria ya matunzo ya stadi inatokana na jambo hilo.

Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza juu ya habu, na hapo stadi hulazimika kufanya kazi isiyo yake. Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilomita moja, na katika kila mzunguko stadi iliyolegea hupindwa kidogo na kurudishwa. Chuma huchoka kwa namna hiyo, hata kama hakuna siku kilipopata pigo kubwa. Nati nayo haitulii. Mhandisi Gerhard Junker wa Ujerumani alionyesha mwaka 1969 kwamba vyuma vilivyobanwa vikianza kuteleza kwenda upande mmoja na mwingine, nati hujifungua yenyewe, tena kwa kasi kuliko inapotikiswa kwa kufuata urefu wa bolti. Kwa hiyo ulegevu huzaa ulegevu. Nati iliyopungua ukazo kidogo asubuhi katika barabara ya changarawe inaweza kufika jioni ikifunguka kwa vidole.

Stadi za magari ya Kijapani zinafanana kwa macho, na hapo ndipo matatizo mengi huanza. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo hutumia stadi ya milimita 12 yenye hesi ya milimita 1.5, yaani nati husogea milimita moja na nusu katika kila mzunguko. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia unene uleule wa milimita 12 lakini hesi ya 1.25. Nati ya Nissan huingia kwenye stadi ya Toyota mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Fundi mwenye subira huitoa na kutafuta inayostahili. Mwenye haraka huweka mashine ya upepo, nati hupita kwa nguvu huku ikikata meno, na anayeangalia kwa nje huona gurudumu lililofungwa vizuri. Kumbe kilichobaki kushikana ni vipande vya meno. Dawa ni moja, nayo haina gharama: nati yoyote ianzwe kwa vidole, izunguke bila kulazimishwa angalau mara tano au sita, ndipo spana iguswe.

Umbo la sehemu ya nati inayogusa rimu lina uzito uleule. Nati nyingi zina mdomo wa pembe, uliochongwa kama faneli, unaoingia kwenye tundu la rimu lenye umbo hilohilo na kuiweka rimu katikati. Honda hutumia mdomo wa mviringo. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zilitengenezwa kwa nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Nati ya pembe ikifungwa kwenye tundu la mviringo hugusa kwa mstari mwembamba tu. Hukaza, hulia, humridhisha aliyeshika spana, lakini baada ya siku chache aloi iliyo chini yake hubonyea na mbano wote hupotea. Kwa sababu hiyo, anayenunua rimu za spoti zilizotumika anapaswa kuzinunua pamoja na nati zake. Asipozipata, aangalie kwa makini umbo la matundu kabla ya kutoa fedha.

Rimu hizo za kununua mtaani zina tatizo jingine la kimyakimya, nalo ni tundu la katikati. Rimu ya Subaru yenye matundu matano na ya Toyota yenye matundu matano ya mpangilio uleule wa milimita 100 huonekana sawa kabisa. Lakini kitovu cha habu ya Subaru kina kipenyo cha milimita 56.1 na cha Toyota 54.1. Rimu ya Toyota haiingii kabisa kwenye Subaru. Ya Subaru huingia kwenye Toyota, ila huacha nafasi ya milimita moja kuzunguka kitovu, na nati peke yake huachiwa kazi ya kuiweka katikati. Pete ya plastiki au ya aluminiamu inayoziba nafasi hiyo ni ya bei ndogo sana. Bila pete hiyo, usukani unaweza kutetemeka gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, na mwenye gari akazunguka kwa mafundi akibadilisha vitu visivyo na kosa.

Kukaza kwenyewe huanza na usafi. Kutu, matope na rangi nene kati ya rimu na habu ni tabaka laini ambalo baada ya kilomita kadhaa hupondeka na kusagika. Unene wake ukipungua hata kwa nusu ya unene wa karatasi, stadi hurudi nyuma na mbano wake hushuka. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Rimu ya chuma iliyopakwa rangi upya isipakwe mahali inapogusana na habu wala mahali nati inapokaa. Baada ya hapo nati zote hushikishwa kwa mkono na kuvutwa kwa spana kidogo gari likiwa bado kwenye jeki, kisha gari hushushwa hadi tairi liguse chini, na ukazo wa mwisho hufanywa kwa mfuatano wa nyota. Gurudumu la nati tano hukazwa kwa kuruka nati moja kila mara. La nati nne au sita hukazwa kwa kwenda nati inayokabiliana na ile iliyotangulia. Anayezikaza kwa kufuata duara huilaza rimu upande mmoja, na zile za upande wa pili hukaza juu ya rimu iliyoinama. Diski ya breki nayo hupindwa kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na miezi kadhaa baadaye mguu huanza kuhisi pedali ya breki ikitetemeka.

Kuhusu nguvu ya kukaza, Toyota nyingi ndogo hutaka nyutoni-mita 103, Honda 108, Volkswagen Golf 120, na Land Cruiser ya mfululizo wa 200 yenye rimu za aloi na stadi za milimita 14 hutaka 131. Spana yenye kipimo ndiyo chombo halali cha kazi hii, na gereji isiyo nayo ina pengo. Lakini dereva aliye kando ya njia na spana ya gari mkononi hajakosa njia. Mkono wa spana ile ukiwa na urefu wa sentimita 30, msukumo wa kilo 35 mwishoni mwake hutoa karibu nyutoni-mita 103. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima anayesukuma kwa mikono kwa bidii huku miguu yake ikiwa chini. Akipanda juu ya spana kwa kilo zake 75, nati hupata zaidi ya nyutoni-mita 220, mara mbili ya inayotakiwa. Akichomeka bomba la mita moja na kusukuma kwa kilo 35 zilezile, anapita 340. Kwa nguvu hizo stadi huvutwa kupita mpaka wake, ikarefuka isirudi, na kuanzia hapo haibani tena ipasavyo hata ionekane imekaza namna gani.

Mashine ya upepo ni chombo kizuri cha kufungulia. Kufungia kwa mashine hiyo hadi mwisho ni kosa, kwa kuwa anayeishika hajui imefikisha nguvu gani: hutegemea upepo uliomo kwenye kompresa, umri wa mashine na sekunde alizobonyeza. Kosa hili huua stadi nyingi. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Huonekana miezi baadaye, usiku, pale mwenye gari anapojaribu kubadilisha tairi na nati isisogee, au stadi ikatike ikiwa imenasa ndani ya nati.

Je, stadi zipakwe oili au grisi? Viwango vya kiwandani hupimwa kwa hesi safi na kavu. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono humezwa na msuguano wa hesi na wa mdomo wa nati, na ni sehemu ndogo tu inayogeuka kuwa mbano. Oili ikipunguza msuguano huo, kiwango kilekile cha spana huweza kuzalisha mbano uliozidi kwa theluthi moja na zaidi, na stadi ikavutwa mno bila aliyeshika spana kujua. Jibu basi ni kusafisha hesi kwa brashi ya waya na kuziacha kavu, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Pwani, ambako chumvi ya upepo wa bahari hula chuma upesi, inafaa kupaka grisi kidogo sana kwenye kitovu cha habu tu ili rimu isigande, huku uso wa habu na mdomo wa nati vikibaki bila mafuta.

Baada ya gurudumu lolote kufunguliwa na kufungwa, nati zikaguliwe tena kati ya kilomita 50 na 100. Vyuma vipya kukaa mahali pake ni jambo la kawaida, hasa rimu za aloi na stadi mpya. Ukaguzi huo huchukua dakika tano. Kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi madogomadogo yanayolitikisa gari kilomita baada ya kilomita, madereva wazoefu hukagua kila wanaposimama kwa muda mrefu, na utingo wa basi anayezunguka gari akigonga nati na kusikiliza mlio wake anafanya kazi yenye maana kubwa.

Dalili za hatari zinaonekana kwa anayeangalia. Mstari wa kutu wa rangi ya hudhurungi unaotoka chini ya nati na kutapakaa kwenye rimu unaonyesha kwamba kuna vyuma vinavyosuguana hapo. Tundu la rimu lililorefuka kuwa yai linasema gurudumu limekuwa likicheza kwa muda, na rimu hiyo haifai kurudishwa barabarani hata ikipewa stadi mpya zote. Ndani ya gari, dalili ni mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa tairi, ukiongezeka wakati wa kukata kona na kupungua gari likienda moja kwa moja, au usukani unaoyumba ghafla bila sababu. Dereva akiusikia apunguze mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, na asimame mahali penye usalama. Akikuta nati za gurudumu moja zimepotea zote na stadi zingali nzima, anaweza kukopa nati moja katika kila moja ya magurudumu mengine matatu na kwenda polepole hadi gereji iliyo karibu. Stadi zilizokatika hazina mkopo wa namna hiyo.

Stadi iliyovutwa kupita mpaka hujulikana hata kabla ya kukatika. Nati mpya ikizungushwa kwa vidole juu ya hesi iliyosafishwa, inatakiwa kwenda hadi mwisho kwa wepesi uleule. Ikienda vizuri kisha ikagoma katikati, mahali ambapo hesi haina jeraha lolote, stadi imerefuka na hatua za hesi zimeachana. Njia nyingine ni kuiweka stadi mpya kando ya ile ya zamani, meno yaingiliane, na kuzielekeza kwenye mwanga. Meno ya stadi mbili nzima hukutana bila kuacha nafasi. Ya stadi iliyovutwa hukutana mwanzoni na kuachana kidogokidogo, hadi mwanga ukapita katikati.

Iliyokwisha kukatika nayo huacha habari zake kwenye uso wa mkato, na si vyema kuitupa kabla ya kuisoma. Iliyokatwa kwa kukazwa mno huwa na shingo iliyokonda karibu na mkato, na uso wake ni wa kukwaruza. Iliyochoka kwa kulegea haina shingo: uso wake mwingi ni laini, wenye mistari ya upinde iliyofuatana, alama ya ufa uliosogea siku baada ya siku, na ni sehemu ndogo tu ya pembeni inayokwaruza, pale chuma kilichobaki kilipokatika mara moja. Tofauti hiyo humwambia fundi kama tatizo ni mkono wa aliyekaza au rimu isiyokaa sawasawa. Asiposoma ataweka stadi mpya juu ya ugonjwa uleule.

Kubadilisha stadi ni kazi ya gereji yenye stendi imara, lakini si ya siri. Nati hulegezwa tairi likiwa chini, gari huinuliwa na kuwekwa kwenye stendi, na magurudumu yanayobaki chini huwekewa vizuizi. Tairi likitoka, kalipa ya breki hufunguliwa pamoja na mkono wake na kufungwa kwa waya kwenye springi. Haifai kuiacha ining'inie kwa mpira wa breki, kwa kuwa mpira huo huumia ndani bila kuonekana kwa nje. Diski hutolewa. Kwenye magurudumu ya nyuma yenye dramu, breki ya mkono huachiwa kwanza ndipo dramu itoke. Kisha habu huzungushwa hadi stadi mbovu ifike mahali penye nafasi nyuma yake. Baadhi ya habu zina nafasi hiyo, nyingine hazina, na zisizo nayo hulazimu habu yenyewe kung'olewa, kazi inayogusa beringi na inayohitaji presi.

Stadi ya zamani hutolewa kwa presi au kifaa cha kusukumia. Nyundo hutumika mara nyingi, ila kila pigo linapita kwenye beringi, na beringi iliyopigwa mara kumi kwa nyundo nzito inaweza kuanza kuvuma baada ya wiki chache. Stadi mpya huingizwa kutoka nyuma, na mifuo yake midogo iliyo chini ya kichwa hulinganishwa na alama zilizoachwa na ya zamani. Kwa upande wa nje huwekwa washa kadhaa zilizopakwa mafuta kidogo, kisha nati ya zamani iliyogeuzwa, upande wake bapa ukiangalia washa. Nati hiyo huzungushwa polepole kwa spana ya mkono, nayo huivuta stadi hadi kichwa chake kilale kabisa kwenye mgongo wa habu. Huko nyuma lazima paangaliwe kwa tochi au paguswe kwa kidole. Kichwa kilichobaki juu kwa nusu milimita kitajivuta siku gari litakapokuwa barabarani, na ukazo wote wa nati utaondoka nacho. Nati iliyotumika kuvutia hutupwa. Kuchomelea stadi kwa welding ili isizunguke kwenye habu iliyopanuka si ukarabati. Joto huharibu ugumu wa chuma, na habu ya namna hiyo hubadilishwa.

Stadi mpya haichaguliwi kwa jina la gari pekee. Dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, muuzaji mzuri huipima stadi ya zamani kwa venia: kipenyo cha mifuo, urefu chini ya kichwa, unene na hatua ya hesi. Mifuo iliyo finyu kwa sehemu ndogo ya milimita itafanya stadi izunguke ndani ya habu siku ya kufungua tairi. Ikikatika stadi moja, zile mbili za jirani zimebeba mzigo wake kwa muda usiojulikana, na busara ni kuzibadilisha pia. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, zote hubadilishwa. Anayeweka speisa kati ya habu na rimu ili kulipanua gari akumbuke kwamba nati inapaswa kushika hesi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa stadi ya milimita 12 ni mizunguko minane kamili kwenye hesi ya 1.5, na karibu kumi kwenye 1.25. Pungufu ya hapo, speisa itoke au stadi ndefu ziwekwe.

Malori ya Kijapani ya mfumo wa zamani, Fuso, Isuzu na Hino, yana kanuni zake. Stadi za upande wa kushoto zina hesi ya kushoto, na nati zake hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Ncha ya stadi mara nyingi huwa na herufi L. Asiyeiona huendelea kukaza akidhani anafungua, hadi stadi ikatike. Kwenye matairi mawili ya nyuma, tairi la ndani hushikwa na nati ya ndani yenye kichwa cha pembe nne cha milimita 21, na la nje hushikwa na nati ya milimita 41 inayofungwa juu ya ile ya ndani. Kukaza ya nje peke yake hakugusi tairi la ndani. Njia sahihi ni kulegeza nati za nje kwa kupokezana, moja ndiyo na moja hapana, kukaza zile za ndani zilizo chini yake, kuzirudisha za nje na kuzikaza, kisha kufanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, ili wakati wote wa kazi gurudumu lisiache kubanwa.